Mayai ni ya nani?

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nilikuwa nataka kuandika juu ya mpira, lakini kuna methali moja ya Kiingereza imenikaa kichwani zaidi ya miaka miwili, kama mwiba uliokatikia mguuni. Leo nimeona afadhali niutoe.

Methali yenyewe ni hii: "You can't make an omelette without breaking eggs." Kwa Kiswahili chetu: huwezi kupika omeleti bila kuvunja mayai. Maana yake inaeleweka haraka. Ukitaka kitu kizuri, kuna kitu lazima kipotee njiani, na ukiogopa kupoteza, basi hutapata. Walimu wanaipenda hii methali. Watu wa semina wanaipenda. Hata mimi niliipenda.

Mara ya kwanza niliisikia nikiwa mtoto, na haikuwa kwa Kiingereza. Kule kwetu Uvira, direkta wa shule alikuwa anaitaja kwa Kifaransa kila siku ya kutangaza nani hajalipa pesa ya shule. Alisoma majina, wale watoto wakatoka kwenye mstari mmoja mmoja, wakaenda nyumbani na mikoba yao. Halafu alitugeukia sisi tuliobaki akasema ile ya omeleti na mayai, kwamba shule nzuri haijengwi kwa huruma. Tulicheka. Papa yangu alikuwa amelipa. Sikujiuliza kitu chochote.

Leo niko Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka wa nane sasa. Wengi wenu mnanijua, ni yule kijana anayejitolea kutafsiri kwenye mikutano. Kiingereza kinaingia, Kiswahili kinatoka, na wakati mwingine Kinyarwanda kidogo kama mwenzangu hayuko. Nilimaliza sekondari hapa, na kazi hii niliipenda kwa sababu ilinifanya nijione mtu. Mzungumzaji akisema, watu wote wananiangalia mimi.

Sasa, ile siku.

Ilikuwa mwaka 2023, wakati mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi. Mnakumbuka. Wenye shida kubwa wapate zaidi, wa katikati wapate kidogo, na kundi la tatu litoke kabisa kwenye orodha, lijitegemee. Tulikaa chini ya turubai, watu kama mia mbili, jua kali. Aliyekuja kueleza alikuwa kijana tu, labda amenizidi miaka mitano. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba pesa za wafadhili zimepungua, kwamba kama kila mtu akipewa sawasawa basi wale wazee na wagonjwa watakufa njaa. Hapo alikuwa anasema kweli. Lakini alipoona nyuso zimekunjamana, akatabasamu, akatupa ile methali. Omeleti, mayai.

Mimi nikafurahi! Kumbe hii naijua. Nikaitafsiri vizuri sana, tena nikaongeza na mkono, nikaonyesha namna yai linavyogongwa kwenye ukingo wa sufuria. Watu wakanyamaza.

Kisha mama mmoja akasimama katikati. Ni mama wa makamo, analea wajukuu wanne, na jina lake lilikuwa limeangukia kundi la tatu kwa sababu kwenye karatasi alionekana ana kijana mkubwa wa kumsaidia. Huyo kijana aliondoka zamani kutafuta maisha, hajulikani aliko. Mama hakupiga kelele. Alisema hivi:

"Mtoto yangu, uliza huyo bwana. Mayai ni nani? Ni sisi, ao ni wale wenye kukula?"

Yule kijana wa ofisi akaniangalia, anangoja. Ndugu zangu, hapa ndipo penye aibu yangu. Sikutafsiri lile swali. Niliona litamkasirisha, niliona mkutano utaharibika, niliona labda nitapoteza nafasi yangu na kile kiposho kidogo cha mwisho wa mwezi. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Mama anauliza utaratibu wa kukata rufaa." Yeye akajibu vizuri, kuna meza ya malalamiko, siku fulani, lete kadi yako. Nikamtafsiria mama jibu hilo. Mama akaniangalia muda mrefu. Kiingereza hajui, lakini alijua. Akakaa chini.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kujiuliza hii methali imetoka wapi, na ni nani aliyeitumia kabla ya direkta wetu na kabla ya yule kijana. Nikanunua bando, nikaanza kusoma, na pale kituo cha vijana kuna kompyuta mbili. Nawapa kwa ufupi nilichokipata.

Kwanza, ni methali ya Wafaransa. Neno omeleti lenyewe ni lao. Waingereza waliichukua, na katikati ya miaka ya 1800 walishakuwa wanaiandika kama yao. Lakini kuna habari ya zamani zaidi inayosimuliwa juu yake. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, watu wa eneo la Vendée, upande wa magharibi, waliasi serikali mpya. Vita ile ilianza mwaka 1793, na pande zote mbili ziliua. Vijiji vilichomwa, watu wa kawaida walikufa kwa makumi ya maelfu. Mmoja wa majenerali wa waasi aliitwa François de Charette. Alikamatwa na kupigwa risasi mjini Nantes mwezi wa tatu mwaka 1796. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa juu ya watu wengi waliokufa kwa ajili ya vita yake, alijibu kwamba omeleti haipikwi bila kuvunja mayai.

Nilisoma hapo nikasimama. Sisi tuliotoka Kivu tunawajua majenerali. Kila mmoja ana omeleti yake: mmoja anasema ukombozi, mwingine anasema ulinzi wa kabila, mwingine anasema ardhi ya mababu. Nyumba yetu ilikuwa yai kwenye omeleti ya mtu ambaye mpaka leo sijui jina lake vizuri. Charette angalau naye alipigwa risasi. Wa kwetu wengi bado wako hai na wanapewa vyeo.

Habari ya pili ilinikamata zaidi, kwa sababu ni habari ya njaa. Mwaka 1933, katika Umoja wa Kisovieti chini ya Stalin, serikali ilikuwa imewanyang'anya wakulima mashamba na nafaka ili kujenga viwanda na nchi mpya ya kisasa. Njaa ikaingia, hasa Ukraine, na watu walikufa kwa mamilioni. Kijana mmoja mwandishi kutoka Wales, Gareth Jones, miaka 27, alishuka kwenye treni mwezi wa tatu akatembea kwa miguu vijijini. Aliongea na watu, akalala kwenye nyumba zao, akaona hakuna mkate. Alipotoka, akatangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 29 mwezi wa tatu.

Siku mbili tu baadaye, gazeti la New York Times likatoa makala ya mwandishi wake wa Moscow, Walter Duranty, mtu mkubwa, ameshapewa tuzo mwaka uliotangulia. Akampinga yule kijana. Akaandika kwamba upungufu wa chakula upo, lakini watu hawafi kwa njaa yenyewe. Na ndani ya makala ileile akaitia ile methali ya omeleti na mayai.

Nani aliaminiwa? Yule mkubwa. Gareth Jones aliuawa miaka miwili baadaye huko Asia ya Mashariki, hata miaka thelathini hakufika. Mimi nilikuwa na miaka 22 nilipoisoma hii habari, na nilijiona niko upande gani kati ya hao wawili. Jones aliwasikiliza watu akayapeleka maneno yao. Mimi niliyasikia maneno ya mama mmoja, na kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kuyapeleka hatua tatu, nikayameza.

Nisieleweke vibaya. Simfananishi yule kijana wa ofisi na Duranty, wala mgao wetu na njaa ya Ukraine. Yeye hakutunyang'anya chakula. Aligawa kilichobaki, na sijui kama mimi ningegawa vizuri kuliko yeye. Ninachosema ni kwamba methali ina kazi yake, na kazi ya hii, kila nilipoikuta, ilikuwa ileile. Inafunga mdomo wa mtu aliyevunjwa. Inamwambia: ukilia, wewe ndiye hutaki omeleti.

Kuna waliojibu. Panait Istrati, mwandishi wa Romania, alikwenda Umoja wa Kisovieti akiwa na mapenzi makubwa na ule mfumo, akarudi amevunjika moyo. Husimuliwa kwamba alipotupiwa hii methali alijibu kwamba mayai yaliyovunjika anayaona, lakini omeleti yenyewe iko wapi. Na kuna mwingine ambaye nataka kila mmoja wetu amjue: Hannah Arendt. Myahudi wa Ujerumani, alikimbia mwaka 1933 akaingia Ufaransa bila karatasi. Mwaka 1940 akafungiwa kwenye kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Akatoka, akafika New York mwaka 1941, akakaa bila uraia wowote mpaka 1951 alipopewa wa Marekani. Miaka kumi na nane bila nchi! Mkimbizi kabisa, kama sisi. Na karibu na mwaka ule ule wa 1951 aliandika insha ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ni kama kusema: Mayai Yanapaza Sauti.

Nilipokiona hicho kichwa nilimkumbuka yule mama. Yeye hajasoma insha ya mtu yeyote, na alisimama chini ya turubai akafanya jambo lilelile.

Baadaye nikajaribu kutafuta methali yetu inayosema kama ile ya Kiingereza, na hapo nikaona kitu. Sisi tunasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka ni nani? Ni yuleyule anayeinama. Mgongo unaouma ni wake. Tunasema: mchumia juani hulia kivulini. Jua linampiga nani? Mchumaji, na kivuli ni chake pia. Mvumilivu hula mbivu, aliyevumilia ndiye anayekula. Wazee wetu walipozungumza juu ya kujitolea, walimweka mtu mmoja mwanzo na mwisho wa sentensi. Kwenye ile ya omeleti wako wawili, mmoja anapika na mwingine anapasuka. Kama tunatafuta ya kwetu inayofanana nayo, basi ni ile ya wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hiyo hakuna tembo anayeitumia kujisifu. Inasemwa na upande wa nyasi.

Sasa nifike nyumbani, maana ni rahisi kuwasema majenerali na watu wa ofisi.

Yaya yangu anauza rolex pale karibu na njia ya boda. Kwa wale wa nje ya Uganda: ni chapati iliyoviringwa na mayai ya kukaanga ndani, na nyanya na kitunguu. Tulipofika hapa, tulikuwa wawili tu na mama, na mama alikuwa mgonjwa. Pesa ya kusomesha ilitosha mtoto mmoja. Yaya alikuwa amebakiza miaka miwili amalize. Mimi nikaenda shule, yeye akaenda kwenye chapati. Siku matokeo yangu ya sekondari yalipotoka, nilikwenda pale kwenye kibanda nikiwa na furaha nyingi, na kwa akili yangu ya shule nikamwambia, "Yaya, asante. Unajua, huwezi kupika omeleti bila kuvunja mayai." Nilifikiri nimemsifu! Alicheka kidogo, akageuza chapati.

Baada ya kusoma zile habari zote, nikarudi kwa yaya jioni moja nikakaa kwenye jeriken lake. Nikamwuliza, ile siku nilipokuambia juu ya mayai, ulisikiaje? Hakujibu haraka. Alichukua yai, akalivunja kwenye kikombe, akaliangalia, ndiyo akalimwaga kwenye bakuli la kupigia. Akachukua lingine, kikombe kwanza, akaangalia. Kila yai hivyo hivyo.

Nikamwuliza mbona anajisumbua na kikombe. Akasema, "Moja likiwa limeoza, linaharibu yote. Na mimi nimeyalipa haya. Trei moja ni pesa yangu ya siku mbili. Mtu ambaye hajalipa ndiye anavunja bila kuangalia."

Halafu akaendelea, hata hakuniangalia: "Mdogo yangu, mimi sikukatalia wewe kusoma. Hata leo ningesema usome. Lakini hakuna mtu aliniuliza. Mama alisema, wewe ukafurahi, nikaamka asubuhi nikaona niko na sufuria mkononi. Mngeniuliza ningekubali. Na ningekuwa nimetoa mwenyewe."

Nimekuwa nikilifikiria hilo neno, "mngeniuliza". Matokeo yangekuwa yaleyale. Mimi ningesoma, yeye angeuza chapati. Lakini kwa yaya tofauti ilikuwa kubwa kuliko pesa. Mtu aliyeulizwa akakubali, huyo ametoa sadaka. Mtu ambaye hakuulizwa, huyo amechukuliwa. Kwa nje wanafanana, wote wamepungukiwa. Kwa ndani mmoja ana kitu cha kujivunia, na mwingine ana swali ambalo analibeba miaka.

Tangu jioni ile tumepanga. Siku tatu kwa wiki mimi nakaa kibandani baada ya saa kumi, yeye anakwenda darasa la jioni. Rolex zangu ni mbaya, wateja wanalalamika. Navunja yai kwenye kikombe kwanza.

Na yule mama? Nilikwenda kwake. Ilinichukua karibu wiki tatu kupata ujasiri. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamwambia ukweli wote, kwamba swali lake sikulifikisha, niliogopa. Nilitegemea atanifukuza. Akasema, "Nilijua. Jibu lilikuwa refu kuliko swali, na halikuwa na mayai ndani." Akanipa mahindi nipukuchue naye.

Mkutano uliofuata, kabla haujafungwa, niliomba ruhusa. Nikasema kwa Kiingereza, mbele ya wote, kwamba mkutano uliopita nilitafsiri vibaya swali moja, na sasa naomba kulirudisha. Nikalisema kama lilivyokuwa. Mayai ni nani, ni sisi au ni wanaokula? Mikono ilikuwa inatetemeka. Yule kijana alinyamaza, akafungua daftari lake, akaandika. Kisha akasema kwamba hakuwa amelifikiria hivyo, na kwamba hana jibu. Nikatafsiri hilo pia, neno kwa neno: hana jibu. Mnajua watu walifanya nini? Walipiga makofi kidogo, wala si kwa kejeli. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa hivyo.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka. Siku ile watu wengi walibaki baada ya mkutano wakaeleza karatasi zao zilivyokosea, nikatafsiri mpaka giza likaingia. Baadhi ya familia zilirudishwa kwenye orodha. Ya mama haikurudishwa. Mpaka leo analima shamba la mtu kwa kibarua, na wajukuu wawili wameacha shule. Naye yule kijana, mwaka 2025 pesa za misaada zilipokatwa tena, mkataba wake haukuendelea. Alinitumia ujumbe siku moja: sasa na mimi ni yai. Sikucheka. Nilimjibu pole, kaka.

Kwa hiyo wenzangu mnaojitolea kwenye ofisi, na ninyi mnaokuja kutoka mbali kutusaidia na mnaosoma maandishi yetu haya, ombi langu ni dogo. Kujitolea kupo, na bila kujitolea hakuna aliyefika hapa, kila mmoja wetu amebebwa na mtu. Lakini siku ulimi wako ukitaka kusema ile ya omeleti, ngoja kwanza. Jiulize mayai ni ya nani, nani amekubali yavunjwe, na nani atakaa mezani. Kama yai ni lako, vunja, na tutakusifu. Kama ni la mwenzako, muulize. Na kama hakuna njia, lazima livunjwe na hakuna wa kuulizwa, basi angalau usitie methali juu yake. Sema pole, ukae usikilize.

Na wewe mkalimani mwenzangu, peleka swali kama lilivyotoka kwenye mdomo wa mwenyewe. Hata kama mkono unatetemeka.

Jumamosi mimi niko kibandani kwa yaya kuanzia saa kumi. Atakayekuja kula ile rolex yangu mbaya, karibu.